MP3, MP4 au FLAC: nyimbo zako uzitie katika faili gani?

Juzi baada ya Isha baraza letu la Langoni lilipasuka pande mbili kwa sababu ya kidude kinachoenea kiganjani. Ami yangu, nahodha wa mashua ya abiria baina ya Lamu na Mokowe, alikuwa anataka kununua kicheza muziki cha kutia mfukoni, apate kusikiliza taarabu na kasida akiwa gatini akingoja abiria. Duka la kwanza kwenye Usita wa Mui wamemuonyesha "MP3". Duka la pili wamemuonyesha "MP4" kwa bei ya juu. Mwanawe aliye Mombasa akampigia simu kumwambia asitoe pesa mpaka aone "MP5".

"Kwani nne si kubwa kuliko tatu?" akauliza ami. Kijana mmoja akamjibu kwamba MP3 ilikufa zamani, habari yenyewe ameisoma kwenye simu. Mwingine akaapa kwamba asiyesikiliza FLAC hajasikia muziki. Hadi saa tatu na nusu kila mtu alikuwa na fatwa yake, na ami akenda zake kulala bila kununua kitu.

Mimi kazi yangu ya jioni ni kuhamisha kanda za kaseti za majirani ziwe faili, kwa hivyo suala hili naulizwa kila wiki. Mji wetu una sauti nyingi zilizofungiwa makabatini: maulidi ya miaka ya 1980, arusi za watu ambao sasa ni mababu, kanda za Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, zilizochezwa mpaka utepe ukalegea. Siku ya kuihamisha kanda, ukichagua faili vibaya, unaweza kupoteza kitu kisichorudi. Kwa hivyo nataka tulifungue fundo hili taratibu.

Tatu na nne hazihesabu kitu kimoja

Tuanze na neno lenyewe. Fomati (simu zilizowekwa kwa Kiswahili huandika "umbizo") ni namna sauti ilivyopangwa na kuandikwa ndani ya faili. Utenzi mmoja unaweza kuuandika kwa hati za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wa Pate na Lamu, au kwa hati za Kirumi tunazotumia leo. Maneno ni yale yale, lakini asiyeijua hati hawezi kuusoma. Kicheza muziki nacho ni msomaji. Kimefundishwa hati kadhaa kiwandani. Ukikipa hati nyingine hukaa kimya, au hukuandikia kwamba faili haitambuliki. Wimbo haujaharibika. Msomaji ndiye hajafundishwa.

Jina MP3 linatokana na MPEG, kundi la wataalamu wa kimataifa lililoundwa mwaka 1988 kuweka kanuni za picha na sauti za kidijitali. Katika kanuni yao ya kwanza, upande wa sauti uligawanywa matabaka matatu, na MP3 ni tabaka la tatu. Hiyo ndiyo "3". Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na watafiti wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, na ile ".mp3" inayokaa mwisho wa jina la faili waliichagua Julai 1995. Sasa "4" ya MP4 inatoka kwingine kabisa: ni kanuni nyingine ya kundi lile lile, iitwayo MPEG-4. Kuzishindanisha ni kama kushindanisha darasa la tatu na nyumba nambari nne.

Na MP4 yenyewe hata si sauti. Ni chombo. Sisi watu wa pwani neno hili linatufaa sana, kwa sababu ukiona tanga la jahazi linaingia bandarini hujui bado limepakia nini: boriti za mikoko, simiti au maembe. MP4 inaweza kupakia picha na sauti pamoja. Nduguye M4A ni chombo cha aina hiyo hiyo kilichopakia sauti peke yake, na mara nyingi shehena yake ni sauti ya aina iitwayo AAC, ingawa wakati mwingine huwa ni ALAC. Ndipo unapomkuta mtu analalamika kwamba redio yake ilicheza M4A ya kwanza ikakataa ya pili. Vyombo vinafanana, shehena mbali mbali, na redio inaijua moja tu.

Kwa hiyo duka linalokuuzia "MP4" linakuuzia kidude chenye kioo kinachoonyesha video. Ami hahitaji video. Na "MP5" ni jina la wauzaji tu. Hakuna fomati ya sauti yenye jina hilo.

Ufito kando ya gati

Ili kuelewa kwa nini faili moja ni nzito na nyingine nyepesi, inabidi tuone kwanza sauti inavyogeuka tarakimu. Chukua ufito mrefu, utie alama, usimamishe kando ya gati. Kila saa nenda ukaangalie maji yamefika alama gani, uandike. Kesho yake ukiziunganisha nukta zako utapata mchoro wa maji kujaa na kupwa. Lakini ukienda mara mbili tu kwa siku, asubuhi na magharibi, unaweza kuyakuta maji yamejaa mara zote mbili ukaandika kwamba bahari haikupwa siku ile. Na alama za ufito zikiwa mbali mbali, hutaweza kutofautisha maji ya bamvua na maji ya siku iliyopita kidogo.

Sauti ni mtetemo wa hewa, nao hupanda na kushuka kama maji, ila kwa kasi kubwa mno. Sikio zima la kijana husikia mitetemo hadi kama 20,000 kwa sekunde. Ili kuushika mtetemo lazima uupime kwa kasi inayozidi mara mbili yake, la sivyo yatakupata yale ya mtu aliyekwenda gatini mara mbili. Ndiyo maana CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kulia na kushoto, na ufito wake una alama 65,536. Alama hizo ndizo wanazoziita biti 16.

Tarakimu hizo zote zikihifadhiwa kama zilivyo, bila kubanwa, faili huitwa WAV. Ni safi, lakini ni nzito: karibu megabaiti 10 kwa dakika moja. Taarabu ya dakika kumi hufika kama megabaiti 106. Vicheza muziki vya kwanza vya mfukoni, MPMan ya Korea Kusini na Rio PMP300 ya Marekani, vilitoka mwaka 1998 na kumbukumbu ya megabaiti 32. Taarabu moja isingeingia hata theluthi. Bila njia ya kubana sauti, vidude vile visingekuwa na maana yoyote.

Mkeka na nazi

Kubana kuna njia mbili, na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote.

Njia ya kwanza ni kama kukunja mkeka. Mkeka wa Kipungani unaoenea chumba kizima ukiukunja unaingia kwapani; ukifika ukiukunjua, hakuna ukili uliopotea. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, hufanya hivyo. Ikikutana na tarakimu zinazofuatana kwa mpango, huandika ule mpango badala ya kuandika kila tarakimu. Faili hupungua ikawa kama nusu ya WAV, mara zaidi kidogo, na ukiifungua unapata tarakimu zile zile moja moja. ALAC ya Apple, ya mwaka 2004, ni mkeka wa aina hiyo hiyo.

Njia ya pili ni kama kukamua nazi. Unakuna, unakamua, tui linaingia chunguni na chicha unaitupa. Wali unatoka mzuri, mlaji haulizi chicha imekwenda wapi. Lakini ukiambiwa uirudishe nazi kutoka kwenye tui, huwezi. MP3, AAC, Ogg Vorbis, Opus na WMA zote ni tui.

Chicha yenyewe ni nini? Panda mashua ya injini kwenda Mokowe ukae karibu na mashine. Mtu aliye ubavuni mwako akikunong'oneza, unaona midomo inacheza lakini husikii neno. Nong'ono lake limefika sikioni, ila mngurumo umelifunika. Waliobuni MP3 waliijenga juu ya udhaifu huu wa sikio. Programu ya kubana, ambayo huitwa kodeki, huchunguza kila kipande kidogo cha wimbo na kuuliza: katika dakika hii ngoma inapolia, ni sauti zipi zimefunikwa nayo kiasi kwamba msikilizaji hatagundua zikiondolewa? Hizo huzitupa, au huziandika kwa usahihi mdogo. Kwa njia hiyo MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama sehemu moja ya kumi na moja ya uzito wa CD. Ile taarabu ya megabaiti 106 hushuka ikawa chini ya 10.

Hizo kilobiti kwa sekunde ndizo nambari unazoziona zimeandikwa 64, 128, 192, 320. Zifikirie kama mzigo wa punda. Kila sekunde moja ya wimbo anaondoka punda mmoja, na nambari ile ni mzigo anaoruhusiwa kubeba. Wimbo wa mtu mmoja na udi wake, punda wa 128 anaumudu vizuri. Kundi zima la matari, makofi na waitikiaji ishirini, punda yule yule atalazimika kuangusha vitu njiani.

Pembe zinazofuka moshi

Shangazi yangu ana kanda ya arusi moja ya zamani. Ndani yake mama yake, yaani bibi yangu, anaongoza vugo, na wanawake wanagonga pembe kwa vijiti huku wakiitikia. Hakuna sauti nyingine ya bibi iliyobaki duniani isipokuwa hiyo.

Mara ya kwanza kuihamisha, kijana wa nyumbani aliiweka simu ya kubonyeza mbele ya redio kaseti akabonyeza kurekodi. Ilitoka faili ya AMR. Fomati hii iliundwa kwa ajili ya mazungumzo ya simu. Huupima mtetemo mara 8,000 tu kwa sekunde, kwa hiyo kila kilicho juu ya mitetemo 4,000 hukatwa. Maneno ya bibi yalisikika. Pembe zilikuwa kama mtu anagonga boksi la viatu.

Mara ya pili kanda ilipelekwa dukani, ikahamishwa kwa waya, vizuri, kisha ikabanwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 ili iingie kwenye kadi iliyokuwa imejaa. Shangazi akavaa visikizio, akasikiliza, akavivua. "Mwanangu," akaniambia, "mbona hizi pembe zinafuka moshi?"

Hakuna aliyemfundisha neno la kitaalamu, lakini alilisikia tatizo lenyewe hasa. MP3 huikata sauti vipande vya sampuli 1,152 (sampuli ni kipimo kimoja cha ule ufito), yaani karibu sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Makosa madogo yanayotokana na kubana husambaa ndani ya kipande kizima. Sauti ikiwa laini na ya kuendelea, kama ya udi au ya muimbaji anayevuta neno, makosa hayo hufunikwa. Lakini pigo la pembe ni kali na la ghafla: kimya, kisha "ta!" Pigo likiangukia mwishoni mwa kipande, makosa yake yanasambaa hadi mwanzoni, mahali palipokuwa kimya, na sikio linasikia mvumo mdogo unaotangulia pigo. Huo ndio moshi wa shangazi. Kodeki nzuri hulijua jambo hili, na ikihisi pigo linakuja hukata vipande vifupi zaidi; lakini ukiipa kilobiti 64 haina nafasi ya kujisaidia. Wanaosikiliza ngoma zetu, matari, vugo, makofi ya kasida, wanapaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote, maana muziki wetu umejaa mapigo ya namna hiyo.

Mara ya tatu niliifanya mimi. Waya kutoka kwenye kicheza kaseti hadi kwenye kompyuta, nikarekodi WAV ya biti 24 ili nipate nafasi ya kurekebisha sauti bila kuiumiza, nikaihifadhi kama FLAC. Kutoka kwenye FLAC hiyo nikatoa MP3 ya kilobiti 192 kwa ajili ya redio ndogo ya shangazi ya jikoni. Katika FLAC, baina ya pigo na pigo, unasikia bangili za bibi zikigongana mkononi. Katika ile ya dukani hazimo kabisa.

Nililolishika kutokana na kanda ile ni moja, na ningependa kila mwenye kanda nyumbani alishike: weka mkeka mmoja nyumbani, na kila ukitaka tui, kamua kutoka kwenye nazi mpya. Yaani kila nakala nyepesi itoke kwenye FLAC au WAV, isitoke kwenye nakala nyingine nyepesi. Ukichukua MP3 ukaigeuza AAC, kisha ukaigeuza Opus, kila mkono unaoipokea unatupa chicha yake, na wa mwisho anapata maji.

Wanaobaki kwenye familia hii

AAC ilitoka mwaka 1997 na wengi huidhania kuwa mali ya Apple. Si kweli; ni kazi ya kundi lile lile la MPEG. Dhana hiyo ilikua kwa sababu duka la muziki la Apple, lililofunguliwa mwaka 2003, liliuza nyimbo za AAC zilizotiwa kufuli, zisichezeke kwenye vidude vya wengine, na kufuli hilo liliondolewa mwaka 2009. Kufuli lilikuwa la duka. AAC yenyewe ni nzuri: kwa kilobiti 128 husikika safi kuliko MP3 ya kilobiti 128, na karibu kila simu ya leo inaisoma.

Ogg Vorbis, ya mwaka 2002, ilibuniwa iwe huru, isiyo na leseni ya kulipia. Ni nzuri, lakini redio nyingi za bei nafuu haziijui. WMA ni ya Microsoft, ya mwaka 1999. Kama unazo za zamani zitunze, mpya usizitengeneze.

Opus inastahili neno zaidi, kwa sababu huenda umeikamata leo bila kujua. Ilikamilika mwaka 2012, na ujumbe wa sauti wa WhatsApp hutumia fomati hii. Ukitumiwa mawaidha au kasida iliyorekodiwa kwa njia hiyo, ukainakili kwenye memori kadi na kuitia kwenye redio, redio haioni kitu. Watu hudhani kadi imekufa. Kadi nzima; redio haijafundishwa hati ya Opus. Na usijaribu kuibadilisha jina la mwisho kutoka ".opus" kuwa ".mp3". Kuandika "Jahazi" kwenye ubao wa jina la mtumbwi hakuugeuzi ukawa jahazi. Inahitajika programu ya kugeuza, ambayo huifungua sauti yote na kuiandika upya.

Yanayosemwa barazani

Lile la kwamba MP3 imekufa lina chanzo. Aprili 2017 taasisi ya Fraunhofer ilifunga mpango wake wa leseni wa MP3, na magazeti mengi duniani yakaandika tanzia. Kilichotokea ni kwamba haki za ubunifu zilikuwa zimekwisha muda, na tangu hapo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Kwa mwenye kutengeneza redio hiyo ni habari ya uzima. Na kidude kikifa, fomati haifi nacho: Apple ilitangaza Mei 2022 kwamba haitatengeneza tena iPod, lakini nyimbo zilizokuwa ndani yake zinachezeka popote.

La pili ni biashara ya "kupandisha" wimbo. Kuna anayekuuzia MP3 ya kilobiti 320 aliyoitoa kwenye ya 128, au FLAC aliyoitoa kwenye MP3. Punda wa pili amepewa gunia kubwa zaidi, lakini walichompakia ni kile kile kilichobaki juu ya punda wa kwanza. Umelipia nafasi tupu. Ukikuta FLAC ambayo matari yake yanasikika kama yako chini ya maji, hiyo haikuzaliwa FLAC.

Tena kuna wanaosema sharti usikie tofauti. Kwa kweli, MP3 iliyobanwa vizuri kuanzia kilobiti 192 kwenda juu, watu wengi wakifumbwa macho hawaitofautishi na CD, na sioni aibu kusema kwamba kwa nyimbo nyingi mimi ni mmoja wao. Mahali pa kusikilizia pana uzito pia. Mashine ya boti inafunika zaidi ya kodeki yoyote. Na ukitumia visikizio vya Bluetooth, muziki hubanwa mara nyingine njiani, mara nyingi kwa kodeki iitwayo SBC ambayo kila kifaa cha Bluetooth cha muziki lazima kiwe nayo. FLAC yako ikifika sikioni kwa njia hiyo imeshakuwa tui. Kuhusu faili za biti 24 zinazopimwa mara 192,000 kwa sekunde, zina kazi yake studio na katika kuhifadhi. Kwa kusikiliza, zinabeba mitetemo ambayo hata mtoto haisikii, sembuse sisi tuliopita miaka arobaini.

Na la mwisho linawaumiza vijana zaidi. "Nimepakua nyimbo mia kwenye app lakini kwenye kadi sizioni." Nyimbo unazopakua ndani ya programu ya kusikilizia muziki kwa malipo ya mwezi hazikuwa zako, umepewa ruhusa ya kuzisikiliza humo humo bila bando. Haziwezi kwenda kwenye redio ya ami.

Basi anunue nini?

Ami anasikiliza gatini, kando ya mashine, kwa visikizio vya waya. Anatosheka na kidude kinachosoma MP3, chenye vitufe anavyoweza kuvibonyeza bila kuvitazama, na nyimbo za kilobiti 160 au 192. Kadi ya gigabaiti 8 itamwekea zaidi ya taarabu 500 za dakika kumi kumi kwa kilobiti 192. Za FLAC zingeingia kama 130. Mwenye simu ya kisasa na nafasi ndogo, achague AAC. Mwenye kijana nyumbani anayependa muziki na ana visikizio vizuri vya waya, amnunulie kidude kilichoandikwa FLAC kwenye boksi, na aijaribu faili yake mwenyewe hapo hapo dukani kabla ya kulipa.

Kuijaribu dukani nalisisitiza, maana boksi haliandiki kila kitu. Redio nyingi ndogo husoma kadi hadi gigabaiti 32 tu. Kadi kubwa zaidi hutoka kiwandani zimepangwa kwa mfumo uitwao exFAT, na redio hiyo imezoea FAT32, kwa hivyo inaiona kama karatasi tupu. Tena kuna kadi bandia, zimeandikwa gigabaiti 64 na ndani zina chache. Utajaza nyimbo, nusu yake zitakuwa majina bila sauti. Ijaze kadi mpya, kisha sikiliza wimbo wa mwisho kuingia.

Wanaonunua kwa ajili ya Kurani wakumbuke kwamba vidude vingi vya bei nafuu havifuati alfabeti. Hucheza kwa mpangilio ambao faili ziliingia. Zipe sura tarakimu, 001 hadi 114, uzinakili kwa mfuatano huo huo juu ya kadi iliyofutwa. Na anayehifadhi maulidi yaliyokatwa vipande ajue kwamba MP3 huongeza kimya kidogo mwanzo na mwisho wa kila faili. Kwa nyimbo mbali mbali huoni kitu. Kwa maulidi yanayosomwa bila kusita, kila mwisho wa kipande utasikia kama msomaji amekatwa pumzi. Ama yaache yawe faili moja ndefu, ama tumia FLAC, ambayo haina tabia hiyo.

FLAC ya kanda ya shangazi iko mahali pawili: diski moja kwangu, nyingine kwa dada yake Mombasa, kwa sababu diski moja ni sawa na hakuna diski. Binamu walio Pate na Faza nimewatolea MP3 kila mmoja, zote kutoka kwenye FLAC ile. Na kanda yenyewe sikumruhusu shangazi aitupe. Imerudishwa nyuma hadi mwanzo, imetiwa kwenye kasha lake, imesimamishwa wima kama kitabu ndani ya kabati la chumba cha ndani, mbali na dirisha linalotazama baharini.